Maafikiano Kuhusu Umande

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, maana wenyeji wake wameshakubaliana kuwa haina haja ya kutajwa, nami sipendi kuwa mtu wa kwanza kuwapinga. Nchi hiyo ina utulivu wa kupigiwa mfano. Watu wake wanakubaliana kuhusu kila kitu: kwamba unga unapatikana, kwamba barabara zinapitika, kwamba mvua ya mwaka jana ilitosha hata kule ambako haikunyesha. Redio ya taifa ina kipindi cha mjadala kila Jumatano. Hualikwa wageni wanne wenye maoni mamoja, nao hukubaliana saa nzima bila kuchoka, hadi taarifa ya habari.

Kazi ya kuwafikisha watu hapo ilifanywa na Wizara ya Maafikiano, yenye jengo la ghorofa tano na watumishi mia mbili na kumi na wawili. Wizara hiyo ilikuwa hodari kupita kiasi. Ilisuluhisha tofauti za maoni mpaka zikakauka, watumishi wakabaki na kalamu mikononi. Lakini lengo la mwaka lilikuwa palepale, maafikiano mia nne, wala hakuna aliyethubutu kusema lipunguzwe, kwa kuwa hiyo nayo ingekuwa tofauti ya maoni.

Mwaka ninaousimulia, ilipoingia Desemba, wizara ilikuwa imefikisha mia tatu tisini na nane, tena kwa jasho. Humo walikuwamo mume na mke waliovutana kama dirisha lifungwe au liachwe wazi, wakasuluhishwa kwa kung'olewa dirisha. Walikuwamo pia mapacha wa darasa la tatu waliobishana nani kamtangulia mwenziwe kuzaliwa. Walipewa cheti kwamba walizaliwa kwa pamoja, na mama yao akatakiwa atie saini. Mkurugenzi aliwaita watumishi ukumbini akawaambia kwa upole kwamba mawili yaliyobaki yapatikane kabla ya mwaka kwisha, na kwamba ana imani wote wanakubali.

Afisa Tindwa, kijana mpole mwenye tai ya kahawia, alirudi mezani kwake akaanza kupekua mtandao. Alipita kwa wafuga kuku, wanakubaliana. Alipita kwa washonaji, wanakubaliana. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, akaangukia kwenye Jukwaa la Watazama Anga, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Raia wawili walikuwa wakibishana kuhusu umande. Walikuwa wamebishana miaka tisa, ujumbe elfu sita na ushei, na hakuna mtu yeyote aliyekuwa ametoa taarifa.

*

Mmoja wa hao wawili alikuwa Bi Nanzia Mghase, mama wa miaka sitini na mmoja, mstaafu wa chumba cha eksirei, aliyeishi peke yake katika mji wa tambarare ambako nyasi huloa jioni kabla watoto hawajaitwa kuoga. Alikuwa na darubini. Zamani aliinunua ili atazame nyota, na kwa miaka michache alizitazama kweli. Kisha serikali ikaweka taa kubwa za usalama kila kona ili raia waonekane vizuri. Tangu hapo raia walionekana vizuri sana, ila nyota ndizo zilizoacha kuonekana. Ukitoa mwezi na nyota tatu nne sugu, anga lote lilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele.

Lakini umande haukupata habari za taa. Uliendelea kushuka kama kawaida, na kioo cha darubini kikiachwa wazi hupoa kuliko hewa, umande unakikalia, na mwenyewe haoni kitu. Kwa hiyo Bi Nanzia na wenzake thelathini na wawili wa jukwaani waliendelea kutoa darubini nje kila jioni, kuzilinda na umande, na kuandika matokeo. Hakuna aliyeuliza wanazilinda ili zitazame nini. Nadhani kila mmoja alimwonea mwenzake huruma.

Bi Nanzia alikuwa mtu wa mkanda. Alishona mwenyewe utepe wa kitambaa wenye rezista, vijidude vya umeme vya kutoa joto, ndani yake, akauzungusha mdomoni mwa darubini, akauunganisha na betri ya pikipiki, ukatoa joto kidogo tu la kukizuia kioo kisipoe. Aliyempinga alikuwa mtu wa kofia, jina lake Elifadhili Kimweri, dereva mstaafu wa treni aliyeishi milimani, mwendo wa siku mbili kutoka kwake. Elifadhili alikata mkeka wa mpira, akaukunja kuwa bomba refu, akalichomeka mbele ya kioo likachomoza kwa dhiraa nzima. Aliamini kwamba umande unazuiwa kwa kivuli, na kwamba anayewasha moto mbele ya darubini ana mengine anayoyatafuta.

Walikuwapo wengine jukwaani, lakini hao waliridhika kuweka alama ya kidole gumba. Alitokea mara moja bwana mmoja aliyependekeza mashine ya kukaushia nywele. Wawili wale walimvamia kwa pamoja, kwa mara ya kwanza na ya mwisho wakiwa upande mmoja, na bwana yule alihamia jukwaa la wafuga njiwa na hajarudi mpaka leo.

Kila siku saa moja asubuhi, ujumbe wa Elifadhili ulikuwa umekwisha ingia. "Mkanda wako unapika kioo, Bi Nanzia. Unatazama anga au unachemsha maharage?" Bi Nanzia naye alijibu kabla chai haijapoa kwamba kofia inachelewesha umande tu, haiuzuii, na kwamba yeye kama dereva wa treni ajuaye tofauti ya kuchelewa na kutofika angetakiwa aelewe. Ndivyo walivyoamkiana kwa miaka tisa.

Sasa lipo jambo moja ambalo ni lazima nilieleze. Miaka miwili kabla ya hapo dada yake Bi Nanzia alifariki, ambaye walikuwa wakiishi pamoja. Katika nchi ile hata rambirambi zimeafikiwa. Kuna maneno kumi na mawili yaliyopitishwa, na mama yule alipokea maneno hayohayo kumi na mawili kutoka kwa watu mia na thelathini. Aliyasoma yote. Hakusikia chochote, si uchungu wala faraja. Alikaa kitini mwili umekufa ganzi, akijua kuwa anapaswa kulia na asijue kunaanzia wapi. Asubuhi ya siku ya pili baada ya mazishi, saa moja, uliingia ujumbe wa Elifadhili: "Pole sana kwa dada. Lakini ule mkanda bado ni upuuzi." Bi Nanzia alikasirika. Akaandika ukurasa mzima, na katikati ya ukurasa ndipo machozi yakamtoka.

Ganzi haikumwisha, lakini kila asubuhi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai ilimwachia. Hakuna kingine kilichoweza kufanya hivyo, naye alilijua hilo kama ajuavyo jina lake.

*

Afisa Tindwa alifika kwake Jumatatu, viatu vimeloa hadi soksi kwa umande wa uwanjani. Aliamkia shikamoo kwa heshima, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kiti. Akasema ameleta habari njema. Wizara imegundua kuwa Bi Nanzia ana tofauti ya maoni ya muda mrefu na haimlaumu, kwa sababu wengi hawajijui. Sheria inaruhusu mabishano yasiyozidi siku arobaini. Yakizidi, pande zote mbili huitwa makao makuu, ambako mmoja hukubali mbele ya mihuri, mada hufungwa kwa heshima, na kila mtu hurudi kwao akiwa mwepesi.

Bi Nanzia aliuliza itakuwaje wasipokubaliana. Tindwa akafungua mkoba, akasoma kwa sauti ya kuomba radhi. Wakikataa wote wawili, darubini zote mbili zitahifadhiwa wizarani, na wahusika hawataandikiana tena maisha yao yote.

"Na tukikubaliana?" Bi Nanzia akauliza.

"Mkikubaliana hakuna tatizo, mama. Mada inafungwa, darubini mnabaki nazo."

"Mada ikifungwa, yeye ataniandikia nini asubuhi?"

Tindwa alitabasamu, maana hili swali alilifurahia. "Hatakuwa na haja ya kukuandikia chochote, mama yangu. Hiyo ndiyo faida yake."

Bi Nanzia aliitazama chai ya mgeni ikipoa. Alingoja hofu imjie, haikuja. Aliona tu kuwa milango ni miwili na yote inatokea uwanja mmoja. Akatia saini ya kukubali kuitwa, Tindwa akashukuru, akatoka akinyanyua miguu juu kwenye nyasi.

*

Makao makuu ya wizara yalikuwa na ngazi pana za marumaru na zulia la kijani. Bi Nanzia alifika na mkanda wake kwenye mfuko wa plastiki, kama barua ya wito ilivyomwagiza, na kwenye benchi la ghorofa ya tatu alimkuta mzee mrefu, mwembamba, amekaa wima, amepakata bomba la mpira mapajani kama mtu aliyebeba mtoto wa ndugu. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa. Mkono wa kulia ulimtetemeka kidogo bila kukoma.

Kwa miaka tisa Bi Nanzia alimfikiria Elifadhili kuwa mtu mnene.

Waliamkiana. Elifadhili akasema safari ilikuwa ndefu. Bi Nanzia akasema hata yeye. Kisha wakanyamaza, kwa kuwa mada yao ilikuwa imezuiwa hadi kikao kifunguliwe.

Kikao kilifunguliwa na Mkurugenzi mwenyewe, ambaye hotuba yake ilichukua dakika hamsini. Alisema taifa linalokubaliana ni taifa linalosonga mbele. Alisema wahenga wetu hawakuwahi kubishana kuhusu umande, waliukanyaga tu. Alisema yeye binafsi hajui kinachobishaniwa na hataki kujua, kwa kuwa kujua kungeweza kumvuta upande mmoja. Watumishi wakapiga makofi kwa pamoja, wakaacha kwa pamoja.

Kikafuata kipindi ambacho kwenye ratiba kiliitwa kulainika. Waliletewa maandazi na chai ya maziwa, wakaketishwa uso kwa uso, na kila mmoja akatakiwa asifie hoja ya mwenzake kwa dakika tatu. Elifadhili akasema mkanda wa Bi Nanzia umeshonwa vizuri, mishono midogo ya mtu mwenye subira. Bi Nanzia akasema kofia haili betri. Tindwa alikuwa akiandika. Bi Nanzia aliutazama ule mkono ukitetemeka kwenye kikombe, chai ikimwagika sahanini, na akaona mzee alivyokuwa anauficha chini ya meza kila alipoweza.

Halafu wakatengwa, kila mmoja chumba chake, kila mmoja na karatasi na bahasha. Swali lilikuwa moja: Je, unakubaliana na upande wa pili? Andika ndiyo au hapana, eleza kwa sentensi isiyozidi mbili.

Bi Nanzia alikaa na karatasi yake. Aliamini mkanda kwa moyo wote; aliupima kwa kipimajoto jioni baada ya jioni. Lakini alifikiri hivi: mzee huyu amesafiri siku mbili na viatu vyake vya kanisani. Mmoja wetu akiondoka hapa ameshindwa, asiwe yeye. Na ujumbe wa asubuhi umekwisha vyovyote vile. Akaandika ndiyo. Akaandika kuwa kofia ya mpira ndiyo njia bora ya kuzuia umande, na kwamba yeye alikosea miaka tisa. Alipolamba gundi ya bahasha hakuonja chochote.

*

Bahasha zilifunguliwa ukumbini. Tindwa alisoma ya kwanza: Bi Nanzia anakubali kofia. Makofi. Akasoma ya pili, akasita, akairudia kimyakimya midomo ikicheza. Elifadhili Kimweri anakubali mkanda. Ameeleza kwamba bibi huyu alikuwa sahihi tangu mwanzo, ila yeye alikuwa mbishi.

Bi Nanzia alimgeukia mzee, naye mzee alikuwa akitazama bomba lake.

Tindwa alimnong'oneza Mkurugenzi kuwa hapo pana shida. Mama alikuwa mkanda, sasa ni kofia. Mzee alikuwa kofia, sasa ni mkanda. Kwa maana hiyo bado wanapingana, ila wamebadilishana viti. Mkurugenzi alifikiri kwa muda usiopungua nusu dakika, ambao kwa cheo chake ulikuwa mrefu. Kisha uso ukamchangamka.

"Mama amekubaliana na mzee. Hayo ni maafikiano," akasema. "Mzee amekubaliana na mama. Hayo ni maafikiano mengine. Sasa wewe hesabu, kijana."

Tindwa akahesabu. Mia tatu tisini na nane, na mawili. Ukumbi mzima ukasimama, mtu mmoja nyuma akaanza kuimba, na keki iliyokuwa imefichwa kabatini tangu Novemba ikatolewa. Bi Nanzia na Elifadhili wakapewa cheti kila mmoja. Cha mama kilisema kofia ni bora. Cha mzee kilisema mkanda ni bora. Mada zote mbili zikafungwa siku ileile, na ikasomwa amri kwamba jambo lililoafikiwa halijadiliwi tena, kwa mdomo wala kwa maandishi, na aliyeafiki.

Nje, kwenye zile ngazi za marumaru, wawili wale walisimama na vyeti vyao. Jua lilikuwa kali. Bi Nanzia alitaka kumuuliza mzee kwa nini ameandika vile, lakini hilo lilikuwa ndani ya mada. Walitafuta kitu kingine cha kusema na hawakukipata, maana katika miaka tisa hawakuwahi kuulizana hata kama wana watoto.

"Basi lako linaondokea upande gani?" hatimaye Elifadhili akauliza.

"Kule chini, karibu na posta."

"La kwangu ni upande huu."

Akamwombea afike salama, naye akamwombea vivyo hivyo. Wakaenda kila mtu upande wake, na Bi Nanzia alipofika posta ndipo alipogundua kuwa hakumpa mkono.

*

Zikapita siku kumi na tisa. Kila saa moja asubuhi Bi Nanzia alifungua jukwaa, akakuta picha ya muhuri wa wizara imekaa mahali pa mada, na chini yake maneno: Tumeafikiana. Watu thelathini na mmoja walikuwa wameweka kidole gumba. Alikunywa chai. Alifagia. Jioni hakutoa darubini, kwa kuwa kwa mujibu wa cheti chake angetakiwa kuivalisha kofia, na kofia hakuwa nayo. Jirani alimpongeza kwa kuafikiana, akaitikia asante. Siku moja alikaa kitini tangu asubuhi mpaka taa za usalama zikawaka, na alipoinuka hakukumbuka alikuwa akifikiri nini. Nadhani hakuwa akifikiri kitu.

Mwaka mpya ukaingia. Wizara ilipangiwa lengo jipya, maafikiano mia nne na hamsini, kwa kuwa imeonyesha kuwa inaweza. Tarehe mbili Januari, saa moja kamili, Bi Nanzia alifungua jukwaa kwa mazoea tu, na juu ya ule muhuri akakuta mada mpya. Mwenye kuiandika alikuwa Elifadhili Kimweri.

"Miguu ya kusimamishia darubini," mada ilisema, "iwe ya mbao au ya chuma? Mimi nasema mbao. Sijui kama yupo mtu humu mwenye akili finyu kiasi cha kusema chuma. Kama yupo, ajitokeze."

Aliisoma mara tatu. Pembeni mwa mlango, mahali ilipokaa tangu Desemba, darubini yake ilisimama juu ya miguu mitatu ya mninga aliyochongewa na fundi wa mtaa wa pili, ambayo dada yake aliipaka vanishi kwa mkono wake, mara mbili, akingoja ikauke katikati. Asingeibadilisha kwa kitu chochote duniani. Miguu ya chuma aliichukia. Inabeba baridi, inatikisika, na ina mlio.

Sheria ilikuwa inatoa siku arobaini. Baada ya miguu kulikuwa na mfuniko, na baada ya mfuniko, begi la kubebea. Darubini ina vipande vingi kuliko watu wanavyofikiri.

Alivuta kiti, akaandika kwa kidole kimoja: "Chuma, Bwana Elifadhili. Wa mbao ni wale waliozoea kulala kwenye behewa." Akatuma. Kisha akainjika chai, akakaa kusubiri kutukanwa.